Mzigo wa Kambi ya Kwanza: Kitanda Kabla ya Hema



Juma hili nataka tuongee juu ya jambo ambalo wazee wetu wangalilicheka, yaani kuacha nyumba nzuri yenye mlango na kitanda, na kwenda kulala porini kwa hiari. Mfipa wa zamani alilala nje kwa sababu. Alikuwa akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe, au ameshuka bonde la Rukwa kuvua samaki, au usiku umemkuta njiani. Kulala nje pamoja na mke na watoto kwa kupumzika tu na kutazama kazi ya Mungu, hilo ni jipya kwetu. Lakini limeanza kuingia vijijini, na wazazi waniuliza mlangoni pa ofisi ya parokia: "Karani, wakati wa likizo twataka kuwapeleka watoto waone maporomoko ya Kalambo, tulale huko siku mbili. Tununue nini?"

Swali ni jema, ila hilo neno "tununue" lanitia wasiwasi. Baba mmoja ameniambia kwamba atauza magunia mawili ya mahindi mwezi wa Juni, wakati bei iko chini kabisa, apate hema kama lile aliloliona katika simu ya mwanawe. Basi kabla hajafunga magunia hayo, na asome haya.

Kwanza tujue twaenda wapi na lini. Kalambo si mbali na sisi. Kutoka Sumbawanga mwafuata barabara ya Matai, ile iendayo bandari ya Kasanga, kisha mwaiacha na kushika njia ya kuelekea mtoni. Mto Kalambo ndio mpaka wetu na Zambia, nao ukifika ukingoni mwa uwanda huanguka mara moja, zaidi ya mita 220, kisha hukimbilia Ziwa Tanganyika. Maporomoko ya Victoria, yenye sifa duniani pote, yana mita 108 hivi. Yetu yayapita mara mbili kwa urefu, ingawa si kwa upana wala kwa wingi wa maji. Wakati wa kiangazi korongo wakubwa wenye kipara hujenga viota katika miamba ile. Hifadhi ya upande wetu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na hapana ruhusa kuingia na kupiga kambi popote upendapo. Ulizeni kwao mapema juu ya kiingilio na mahali pa kulala.

Wengi wataka kwenda mwezi wa Juni kwa sababu watoto wamefunga shule. Ni wakati mzuri: mvua zimekwisha, njia ni kavu, na mto bado una maji. Lakini ndio mwezi wa baridi. Sumbawanga yetu iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila mtu ajua jinsi asubuhi za Juni na Julai zilivyo. Kalambo ni chini kuliko hapa, hata hivyo usiku wa nje si usiku wa nyumbani. Kwa hiyo adui wenu wa Juni si mvua. Adui ni baridi, umande na mbu. Mkilishika neno hili, nusu ya vitu vinavyouzwa madukani mtaviacha hukohuko madukani.

Sasa nitawaambia jambo la ajabu juu ya mahali pale penyewe. Mwaka 1953 mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye J. Desmond Clark aligundua, juu kidogo ya maporomoko, ng'ambo ya pili iliyo leo Zambia, mahali ambapo watu wa zamani sana waliishi. Kwa kuwa udongo wa pale umejaa maji siku zote, hata miti ilibaki bila kuoza. Mwaka 2019 wataalamu wengine, wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walichimba tena, na mwaka 2023 walitangaza habari iliyoshangaza dunia. Walikuta magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine, nalo limechongwa pengo ili likae sawasawa lisiteleze. Umri wake si chini ya miaka 476,000. Hakuna maungo ya miti ya kale zaidi yaliyokwisha kuonekana popote duniani. Na yalikuwa ya nini? Hao wataalamu wafikiri labda yalikuwa jukwaa, au njia ya kupitia, au msingi wa makao, katika bonde lile la majimaji.

Tazameni basi. Yawezekana kabisa kwamba watu wale wa Kalambo walijichosha na kuchonga magogo kwa mawe ili wasikae juu ya ardhi yenye maji. Nasi twaanza na paa! Kila aniulizaye aniuliza habari za hema. Hapana hata mmoja aliyeniuliza: "Karani, tutalalia nini?"

Nami nasema, baridi ya usiku hutoka chini kuliko juu. Hewa huchukua joto la mwili polepole, lakini ardhi hulinyonya usiku kucha kama kondoo mchanga anyonyavyo. Na blanketi lililo chini ya mtu halifanyi kazi kama lile lililo juu yake. Kinachotia joto katika blanketi ni ile hewa iliyofungwa ndani ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako waibana hewa yote itoke, nalo labaki kama kitambaa kitupu. Ndiyo maana mtu aweza kujifunika mablanketi matatu na bado akatetemeka. Hayo matatu yako juu, na mbavu zake ziko juu ya Kalambo.

Basi tafuteni kitu kisichobanika kwa urahisi. Godoro la sponji lililo nyumbani lafaa sana, kama mna gari la kulichukua. Kama hamna gari, Mungu amewapa maganda ya mahindi. Mwezi wa Juni kila uwanja wa Ufipa una lundo lake. Chukueni magunia matupu, yashoneni mawili mawili ncha kwa ncha hata yafikie urefu wa mtu mzima, jazeni maganda makavu, fungeni. Jozi nne zikilazwa bega kwa bega, na mikeka juu yake, zamtosha baba, mama na watoto wanne wadogo. Wanaosafiri kwa basi wachukue magunia matupu tu, na wakifika kijiji cha karibu na maporomoko waombe maganda kwa wenyeji kwa maneno mazuri na sabuni kipande. Msikate majani ya hifadhini kuwa matandiko. Kwanza si yenu, tena yana kupe.

Ya kujifunikia, chukueni mablanketi mliyo nayo. Watoto walale katikati, wawili wawili chini ya blanketi moja, maana mwili mmoja waupasha mwingine. Kuna ile mifuko ya kulalia iliyo kama ganda la ndizi, ambayo hupatikana siku hizi katika mitumba. Mingine ni mizuri. Ukiuona, ukamate mkononi, uukandamize, kisha uuachie: ukiinuka tena upesi, bado una hewa ndani, ukibaki umelala kama chapati, mwache muuzaji alale nao yeye. Jaribu zipu yake toka mwanzo hata mwisho. Lakini mifuko sita kwa nyumba moja ni gharama ya bure, na mtoto mdogo aliye peke yake mfukoni husikia baridi kuliko yule aliyelala ubavuni mwa mamaye.

Haya, sasa hema. Mtume Paulo alikuwa fundi wa mahema, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 18, na laiti tungempata sokoni atuchagulie! Kwa kuwa hayupo, angalieni haya. Hesabu iliyoandikwa juu ya mfuko wa hema ni hesabu ya watu waliopangwa kama dagaa juu ya chanja, bila mizigo, bila viatu, bila mtoto ajigeuzaye usiku. Hema la watu 4 ni hema la watu wazima wawili na watoto wawili wadogo, basi. Lifungueni palepale dukani, na mwenye duka akikataa, muageni kwa heri. Litazameni kwenye jua kama lina matundu. Madirisha yawe na wavu mzima. Sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta pande zote. Juu liwe na paa la pili lililotengana na lile la ndani, kwa sababu pumzi za watu sita hugeuka maji usiku, na hema la kitambaa kimoja cha nailoni huwanyeshea wenyewe mvua yao wenyewe. Vigingi vidogo vinavyokuja ndani ya mfuko havifai kwa ardhi yetu ya kiangazi. Vitapinda siku ya kwanza. Chukueni misumari ya inchi sita na nyundo, au jiwe.

Lakini je, ni lazima hema? Kwa mwezi wa Juni nasema waziwazi: si lazima. Turubai la mita 4 kwa 6, ambalo nyumba nyingi wanalo la kuanikia mahindi, kamba ya katani, nguzo mbili, na vyandarua vya nyumbani, hivyo vyatosha kwa safari ya kwanza. Kama hapana miti ya kufungia, chukueni nguzo kutoka nyumbani. Fungeni kamba kutoka nguzo hata nguzo, si juu sana, kifua cha mtu mzima chatosha. Tupeni turubai juu yake, kazeni pande mbili chini. Mgongo wake uelekee upepo, na upepo wa kiangazi kwetu hutoka kusini-mashariki. Ning'inizeni vyandarua kwenye kamba ileile, mkaviingize chini ya mikeka pande zote. Chandarua si cha kuacha nyumbani ati kwa sababu kule ni baridi. Kadiri mshukavyo kuelekea ziwani, mbu wa malaria huongezeka. Mwakani, kama mmeipenda kambi na mahindi yamepata bei, nunueni hema. Yule baba wa magunia mawili na akae nayo hata Januari.

Sasa nafika mahali ambapo nawaomba msome polepole, na mwenye kusoma awasomee wasiojua kusoma.

Kuni za hifadhini hazikatwi. Kwa hiyo familia nyingi zitachukua mkaa na jiko, na hayo ni mapatano mazuri. Lakini usiku baridi ikizidi, mtu atasema: "Jiko lingali na makaa mekundu, halina moshi tena, tuliingize hemani tupate joto kidogo, kisha tutalitoa." Hatalitoa. Atalala, na huenda wasiamke.

Mkaa unaoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Ndiyo maana watu hudanganyika wakidhani ubaya wa moto uko katika moshi, na moshi ukiisha hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yenye hewa hiyo, na hata yaliyofunikwa na majivu yakaonekana yamekufa bado yanaitoa. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kushika nafasi ya ile hewa nzuri ya oksijeni. Aliye macho husikia kichwa kumuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hasikii lolote, hupita tu kutoka usingizi hadi kifo. Watoto na mama mjamzito huwa katika hatari zaidi.

Na hema ni baya kuliko nyumba, kwa sababu ni dogo na limefungwa. Msiseme mtaacha mlango wazi kidogo. Hiyo si kinga. Msiseme mtaliweka mlangoni, upepo hugeuka. Jiko likae hatua kumi toka mahali pa kulala, upande ule upepo uendako, wala si utokako, na likae huko usiku kucha. Jiko la gesi pia lisiingie, wala taa ya chemli, wala mshumaa. Kwa mwanga, tochi ndogo ya jua yatosha. Mkimkuta mtu katika hali hiyo, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, zimeni au tupeni mbali makaa, mkampeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Nasema hayo kwa habari ya kambi, lakini nyumbani ni vilevile. Sisi watu wa uwandani twajuana. Julai ikifika, nyumba ngapi huingiza jiko chumbani mwa watoto na kufunga dirisha?

Badala ya jiko fanyeni hivi. Kabla ya kulala kila mtu anywe uji wa ulezi wa moto. Avue nguo alizotembea nazo mchana, kwa maana jasho lake litapoa usiku, avae kavu. Soksi na kofia ya sufu kwa kila mtoto, hata kama ni za mitumba na hazifanani. Dumu la lita 5 lijazwe maji ya moto yasiyochemka, lifungwe sana, lizungushiwe khanga, liwekwe miguuni pa wadogo. Hata alfajiri litakuwa bado na uvuguvugu.

Juu ya maji ya kunywa sitakawia. Yachemsheni yote, hata yawe meupe namna gani. Kwa nyumba ya watu sita wekeni hesabu ya lita 30 kwa siku za kunywa na kupikia, na mjue kwamba dumu la lita 20 lina kilo 20. Nani atalibeba?

Swali hilo la nani atabeba ndilo mwisho wa ununuzi wote. Siku zile Mapadre Weupe walipoingia nchi hizi, na kupokea kituo cha Karema mwaka 1885, mahema na masanduku yalikwenda vichwani mwa wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 30. Sisi hatuna wapagazi, isipokuwa mmoja, naye ni mama wa nyumba. Nawasihi akina baba: kabla ya kuondoka wekeni mizigo yote uani, mwite mkeo, mgawane. Kama mzigo wake umezidi wako, punguzeni mpaka visawazike. Tena ni mapumziko gani hayo ambayo mama apika mara tatu kwa siku juu ya mafiga ya porini, akiosha sufuria kwa maji ya baridi, na wengine watazama korongo? Pikeni nyumbani maharage yaliyokauka vizuri, chukueni migebuka iliyokaushwa, viazi vya kuchemsha na karanga. Sufuria mbili zatosha. Siku ya pili baba apike yeye. Ugali wake ukiwa na mabuje, utaliwa tu.

Kwa Kalambo kuna kitu kimoja ambacho ni cha bei ndogo kuliko vyote, nacho sitaki mkisahau: kipenga kwa kila mtoto, kimefungwa kamba shingoni. Maji yale yana ngurumo, na mtoto akiita hasikiki. Wekeni kambi mbali na ukingo wa mwamba, wala msitegemee kwamba pana kizuizi kila mahali. Watoto wakienda kutazama, kila mdogo awe mkononi mwa mtu mzima, si mkononi mwa dada yake wa miaka kumi. Usiku asitoke mtoto peke yake hata kwa haja. Wala msivuke mto kwa kutaka kuona mahali pa yale magogo. Ng'ambo ni nchi nyingine yenye sheria zake.

Mkiisha kukusanya vitu vyote, kambi ya kwanza ipigeni nyuma ya nyumba yenu. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei funganyeni kana kwamba mwasafiri, tokeni nje, fungeni mlango, laleni huko. Mtu asirudi ndani kuchukua alichosahau. Kiandikeni kwenye karatasi. Saa tisa za usiku mtajua kama magunia ya maganda yatosha, na mtoto gani hujifunua, na kama kamba ya turubai yalegea kwa umande. Majirani watacheka, waacheni wacheke. Kisha asubuhi nendeni Misa ya Dominika, na ile karatasi iwe mfukoni.

Mwenye bibi anayetaka kufuatana na wajukuu wake, na wameniuliza watatu, namjibu hivi: achukuliwe, lakini yeye apewe lile godoro.